Uchawi wa gemu umechuja, au mimi ndiye nimezeeka?

Leo sina stori ya nani kamtosa nani, kwa hiyo wale mnaofungua ukurasa huu kwa ajili ya mapenzi mnivumilie hadi wiki ijayo. Leo nina kesi. Wahusika ni wawili tu, mimi na mdogo wangu, tunaolala chumba kimoja hapa Magomeni, na imefika mahali ambapo Jumapili iliyopita tulikula ubwabwa kwenye sinia moja bila kusemeshana. Mama akadhani tumegombania demu. Laiti ingekuwa hivyo! Tumegombania uchawi.

Tulia, sijasema kuna mtu kafukia hirizi mlangoni. Nazungumzia uchawi wa kwenye gemu. Kuna gemu za Marekani zinaitwa The Elder Scrolls, za kampuni ya Bethesda. Humo kuna dunia nzima ya kubuni inayoitwa Tamriel, yenye makabila yake, wafalme wake, dini zake na vitabu vyake ambavyo unaweza kuvifungua na kuvisoma. Ya kwanza, Arena, ilitoka 1994. Ikafuata Daggerfall mwaka 1996, halafu Morrowind 2002, Oblivion 2006 na Skyrim 2011. Mimi ni mtu wa Morrowind. Dogo ni mtu wa Skyrim. Ni sawasawa na Simba na Yanga kulala kitanda kimoja.

Nilivyoingia mimi ni bahati tu. Mwaka 2014 nikiwa kidato cha pili, marehemu baba alininunulia kompyuta ya mtumba Kariakoo, kubwa kama friji ya kinywaji, eti nisomee. Aliyekuwa nayo kabla yangu hakufuta vitu vyake, na kati ya hivyo vitu kulikuwa na Morrowind. Mashine ilikuwa kongwe kiasi kwamba gemu lingine lolote lilikuwa linaizimisha. Kwa hiyo kwa miaka 2 nilicheza hilo hilo, na kwa kuwa hilo gemu watu wake hawasemi sana bali wanakuandikia, nilikaa na kamusi pembeni kama mtu anayejiandaa na mtihani. Kidato cha nne nilipata matokeo ambayo sitayataja hapa kwa heshima ya mama, lakini Kiingereza nilifaulu. Mwalimu hakuamini. Mimi nilijua ni nani alinifundisha.

Sasa nikupe picha ya uchawi wa mle. Kwanza haukuwa wa bure. Ukitamka kombora lako na hujafuzu vizuri, linagoma, nguvu imekwenda na adui bado anakuja na rungu. Nguvu ikiisha hairudi yenyewe, mpaka ulale au unywe dawa. Pili ulikuwa mpana ile mbaya. Unaweza kumrushia mtu moto, ndiyo, lakini unaweza pia kumtia sumu, kulichakaza panga lake mkononi mwake, kutembea juu ya maji, kuweka alama mahali kisha siku ukibanwa unatamka neno unarudishwa pale pale. Unaweza kupaa. Na kama una pesa, unakwenda kwa mtengenezaji, unachanganya uchawi wako mwenyewe na kuupa jina unalolitaka.

Hapo kwenye kuchanganya ndipo nilipouawa. Nilitengeneza uchawi wa kuruka, wa sekunde 1 tu ili uwe wa bei nafuu, nguvu kubwa kupita kiasi. Nikausema pale mjini Balmora. Bwana wee, nilipaa mpaka mji ukawa kama kipande cha sabuni. Nikapita mto, nikapita vilima, naona raha, halafu nikaanza kushuka na nikakumbuka kwamba sikuweka chochote cha kupunguza kasi ya kushuka. Nilifia mahali ambapo sikujua hata panaitwaje. Cha kuchekesha ni kwamba gemu lilikuwa limekwisha kunionya. Karibu na kijiji cha Seyda Neen, pale unapoanzia, kuna mchawi anaanguka kutoka angani na kufa mbele ya miguu yako. Ukimpekua unakuta hati za kurukia. Naye alisahau kutua, kama mimi.

Lakini hiyo ni michezo tu. Kitu kilichonishika mimi ni jinsi uchawi ulivyokuwa umeingia kwenye maisha ya wenyeji. Wenyeji wa kule ni Wadunmer, watu wenye ngozi ya kijivu na macho mekundu. Wana koo kubwa, na ukoo mmoja, Telvanni, ni wa wachawi watupu. Hao wanaishi kwenye uyoga mkubwa kama ghorofa, na ndani ya minara yao hakuna ngazi. Mkubwa anakaa juu. Huwezi kupaa? Basi huna shida ya kuonana naye. Unaona hapo? Hawakuandika bango la kusema wao wana dharau. Walijenga nyumba tu, ukaelewa mwenyewe ukiwa umesimama chini unatazama juu kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Halafu kuna mizimu. Wadunmer wanawatukuza wahenga wao. Kila ukoo una pango lake la makaburi, na humo ndani mizimu ya wakubwa inalinda mifupa ya wenzao. Ukiingia kuiba, inakutoka. Kumwita mzee wa ukoo wako mwenyewe aje akusaidie ni heshima. Kumfufua maiti wa watu wengine ili akutumikie ni uchafu wa kutisha, na hekalu lao linaweza kukutuma ukamuue mtu kwa kosa hilo. Na lile kubwa kuliko yote ni Ghostfence, ukuta uliouzunguka Mlima Mwekundu ili kuzuia ugonjwa na maovu yaliyomo yasimwagike nchi nzima. Unajua ukuta ule ulikuwa unapata nguvu wapi? Kwa mizimu ya wahenga wao. Yaani taifa zima limewapanga mababu zake wasimame zamu ya usiku.

Nilipofika hapo nilizima kompyuta. Nasema kweli. Maana nilikuwa nimemwona bibi yangu akifanya jambo linalofanana na hilo huko Muheza. Bibi alikuwa Mwislamu wa kuswali, na shehe wa pale kijijini alikuwa hapendi kabisa, lakini kabla ya kulima alikuwa anafagia makaburi ya nyuma ya nyumba, anamwaga maji yenye unga, halafu anaita majina. Moja moja, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Mimi nilikuwa nasimama nyuma naona aibu, hasa kama kuna watoto wa Dar tumekuja nao. Halafu leo Mmarekani ananiuzia kitu kile kile ndani ya gemu na mimi nakesha nacho!

Basi, turudi kwenye kesi.

Dogo kajiwekea Skyrim kwenye laptopu yake ya kujichanga. Nimekaa pembeni yake miezi kadhaa nikimtazama, na nilichokiona kiliniuma. Kile chuo cha wachawi kilichopo Winterhold, dogo kawa mkuu wa chuo. Mkuu! Na silaha yake ni shoka. Kuingia alionyesha uchawi mmoja mlangoni, humo ndani akarusha viwili vitatu anapolazimishwa, mengine yote alimaliza kwa kupasua vichwa. Kwenye Morrowind, chama cha wachawi hakikupandishi cheo mpaka ujuzi wako ufike kiwango fulani. Hapa wamempa joho mtu ambaye, kwa haki kabisa, alitakiwa kuwa muuza nyama.

Na uchawi wenyewe? Kwa upande wa mashambulizi, kwa sehemu kubwa umebaki wa aina 3: moto, baridi na radi. Kutengeneza wako mwenyewe kumefutwa. Tawi zima la elimu lililoitwa Mysticism limevunjwa na vitu vyake kugawiwa matawi mengine kama mirathi ya mtu asiye na mtetezi. Kupaa kuliondoka mapema zaidi, kwenye Oblivion. Humo waliweka sheria ya serikali inayopiga marufuku kupaa, na mimi nikisoma sheria hiyo nacheka peke yangu, maana miji ya Oblivion imetengenezwa mbali na dunia ya nje, unaingia kwa kupakia upya. Ukipaa juu ya ukuta utakuta nini? Basi wakaitungia sheria. Kuweka alama na kurudi nako kukaondoka, maana siku hizi unabofya ramani unafika. Hata nguvu ya uchawi inajirudia yenyewe ukiwa umesimama tu unajikuna.

Lakini kilichonifanya nipandishe sauti ni kitu kidogo sana. Dogo alikuwa anacheza na Mdunmer. Kila kabila lina karama yake ya kuzaliwa nayo, na ya Mdunmer inatokana na wahenga. Kwenye Morrowind wahenga walikuwa wanakukinga kwa sekunde 60, adui anakukosa kosa. Kwenye Oblivion mzimu ulikuwa unatokea wenyewe kupigana upande wako. Nikamwambia dogo, hebu ita wahenga wako tuone. Akabonyeza. Mwili wake ukawaka moto.

"Wako wapi?" nikamuuliza.

"Wako wapi nani?"

"Wahenga, dogo. Wazee wako."

"Si ndio huu moto, braza. Akinisogelea mtu anaungua, pointi 8 kila sekunde."

Nilihamaki. Nikamwambia hicho si kitu cha wahenga, hicho ni jiko la mafuta ya taa. Nikamwambia hawa watu walikuwa na uchawi usiopatikana kwingine kokote, wameuchuja na kuuchuja mpaka umebaki ule ule wa kila gemu, mpira wa moto na taa za bluu, kwamba ukifuta jina la Elder Scrolls ukaandika jingine hakuna atakayegundua. Nikamwambia na yeye ni wale wale. Hapo nilikosea, nakiri. Dogo akafunga laptopu.

Alipofungua mdomo ilikuwa usiku, taa imezimwa, na bwana mdogo alikuwa amejiandaa. Akasema, kwanza Morrowind yako nimeijaribu. Unamlenga panya aliye mbele ya pua, panga linapita katikati yake, eti umekosa. Unatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Hao ndege wako wa cliff racer wanakufuata mpaka unataka kulia. Huo si upekee, huo ni usumbufu, na wewe unaupenda kwa sababu ndio uliokulea.

Pili, akasema, hujanitajia Thu'um. Na hapo akanishika pabaya, maana ni kweli sikuitaja kwa makusudi. Thu'um ni uchawi wa sauti wa Skyrim. Hautokani na fimbo wala kitabu. Unatokana na lugha ya mazimwi, ambao wakigombana kwao kujibizana na kutema moto ni jambo moja. Kuna wazee wanaitwa Greybeards wanaishi kileleni, ngazi 7,000 kutoka chini, na wengi wao hawasemi kabisa kwa kuwa sauti zao zinaweza kuua. Anayesema nawe ni mmoja. Mtu wa kawaida anatumia miaka mingi kulielewa neno moja. Hebu niambie gemu gani jingine lina wazee walionyamaza ili wasibomoe nyumba yao! Sikuwa na jibu. Nikajitutumua kidogo, nikasema mbona wewe unalipata neno kwa kuua zimwi tu, kama unanunua karanga? Akanijibu: "Ndio maana mimi ni Dragonborn, nimezaliwa nalo. Wao wanalitafuta." Na simulizi yao ndivyo inavyosema. Nikanyamaza.

Tatu ndiyo iliyonimaliza. "Braza, umewahi kucheza Arena, ile ya 1994?" Sijawahi. Yeye alikuwa ameitafuta na kuitazama. Kaniambia humo hakuna uyoga, hakuna ukuta wa mizimu, hakuna wahenga wanaolinda mtu. Kuna mapango, majini, mipira ya moto na mchawi mbaya aliyejibadilisha akakalia kiti cha mfalme. Kama gemu zote za wakati ule. "Sasa huo upekee unaosema umepotea, hapo mwanzo haukuwepo. Waliupachika katikati. Kitu kilichopachikwa kinaweza kubanduka, kwani kuna kesi?"

Nililala vibaya. Maana dogo ana ukweli. Kwenye Morrowind kulikuwa na watu fulani, akina Michael Kirkbride na Ken Rolston, walioandika na kuchora kama watu waliopandwa na kitu. Kabla yao dunia ile ilikuwa ya kawaida, na baada yao imeegemea tena kwenye ukawaida. Hata Cyrodiil, nchi ya Oblivion, kijitabu cha 1998 kiliieleza kuwa ni msitu mzito wa joto. Gemu lilipotoka 2006 tukakuta nyasi nzuri na miti ya Ulaya. Nadhani kila kitu kizuri pale kilikuwa cha watu wachache wenye wazimu wao, si cha dunia yenyewe.

Ila kuna jambo ambalo dogo hakulijibu, na mpaka leo ndilo ninalolishikilia. Vitabu havijafutwa. Ukiwa Skyrim unaweza kuokota kitabu kinachoeleza mambo ya Wadunmer na wahenga wao, ukasoma kila kitu. Hata mchawi wa Telvanni yumo, Neloth, kwenye nyongeza ya 2012, na uyoga wake upo, na ndani ya mnara hewa yenyewe inakuinua. Kwa hiyo simulizi ipo. Kilichopotea ni kwamba mkono wako haufanyi tena. Unasoma kwamba watu hawa wanawaita wazee wao, halafu unabonyeza kitufe na unawaka moto. Morrowind ilikuwa inakufanya utende kile ilichokisimulia. Ukiwa chini ya mnara usio na ngazi, dharau ya Telvanni hujaisoma kitabuni, imekupata mwilini.

Na hapa ndipo kesi ilipotoka kwenye gemu ikaja kukaa kitandani kwangu. Bibi alifariki mwaka jana. Tulikwenda Muheza wote, tukazika, tukakaa siku tatu, tukarudi Dar na basi la asubuhi. Nyuma ya nyumba makaburi yalikuwa yameota majani mpaka kiunoni. Hakuna aliyefagia. Kila mtu anajua bibi alikuwa anafanya nini pale, tulikuwa tunasimuliana kabisa matangani, tena kwa kucheka, jinsi alivyokuwa anaita majina. Ila alipokufa hapakuwa na mtu wa kuyaita.

Mimi si mtu wa mizimu, msomaji, usinielewe vibaya. Sijui kama naamini. Lakini usiku ule nilijiuliza swali la kijinga, kwamba akina Telvanni nawajua kwa majina: Aryon, Therana, Dratha, Gothren, Neloth. Divayth Fyr naye, mzee wa zaidi ya miaka 4,000, aliyejitengenezea mabinti kutoka kwenye mwili wake mwenyewe. Sasa niwataje wangu. Baba. Babu. Baba yake babu... nikakwama. Watatu! Tena huyo wa tatu nilikuwa nakisia.

"Dogo, umelala?"

"Sijalala."

"Baba yake babu alikuwa anaitwa nani?"

Kimya. Kisha akasema jina tofauti na nililokuwa nalo mimi.

Jumatatu nilimpigia baba mdogo aliyebaki Muheza. Shikamoo, marahaba, habari za shamba, mihogo imeliwa na nguruwe, sawa. Nikamwuliza kuhusu majina ambayo bibi alikuwa anaita. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Umeota?" Nikasema hapana baba mdogo, ni gemu tu. Akaniambia hajui gemu ni kitu gani, lakini majina yapo kama tisa hivi, mawili hana hakika nayo, kuna shangazi mmoja Korogwe anayajua vizuri zaidi na amekwisha zeeka sana. Nikamwomba aniandikie ujumbe. Akakataa. Kasema majina hayo hayatumwi kwa simu, kama nayataka nije na jembe.

Nauli naitafuta, na mhariri akisoma hapa aelewe. Dogo naye kasema atakuja, kwa sharti tusilale zaidi ya siku mbili, maana nyumba ya bibi haina umeme na laptopu yake haikai na chaji. Jana nilimkuta ameiwasha Morrowind. Alikuwa amesimama ndani ya pango la makaburi, hajachukua kitu, ameweka panga alani, mzimu unamchapa na yeye ananiuliza huku uhai unaisha: "Braza, sasa hawa ukitaka kuongea nao vizuri unabonyeza wapi?"